Bei ya Kariakoo, bei ya Nairobi: unalipia nini hasa?

Mwaka 1966, Tanzania na Kenya zilipoachana na shilingi ya Afrika Mashariki na kila nchi kuanza kutoa noti zake, shilingi moja ya huku ilikuwa sawa na shilingi moja ya kule. Leo shilingi ya Kenya hubadilishwa kwa karibu shilingi 20 za Tanzania, ikipanda na kushuka kidogo. Mjadala wa wapi ni nafuu huanzia kwenye hesabu hiyo ya kugawa kwa ishirini, na kwa watu wengi huishia hapohapo. Mtu anaona bei ya kitenge Kariakoo, soko kuu la Dar es Salaam, anagawa, anailinganisha na ya Eastleigh, Nairobi, anatoa hukumu. Mara nyingi hukumu hiyo imepinda, kwa sababu bei zile mbili hazijabeba mzigo mmoja.

Bei ya dukani Nairobi kwa kawaida imeshabeba kifungashio, uzito ulioandikwa, lebo kwenye rafu, risiti na utulivu wa kutobishana. Bei unayotajiwa Kariakoo ni mwanzo wa mazungumzo. Unafuu upo, tena mkubwa, ila unaufanyia kazi: unatakiwa ujue kipimo, ujue idadi inayoshusha bei, na uwe na muda. Ndiyo maana watu wawili wenye pesa sawa, waliokwenda mtaa mmoja siku moja, hurudi na hadithi mbili tofauti kabisa kuhusu Tanzania. Kenya inamsamehe mnunuzi asiyejua. Tanzania inamlipa anayejua.

Tofauti hii haikuletwa na tabia za watu. Ina historia yake. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, biashara ya jumla ya Tanzania iliingia mikononi mwa mashirika ya umma, na ngazi ya mikoa ikashikwa na makampuni ya biashara ya mkoa. Miaka ya mwanzo ya 1980 maduka yakawa na rafu tupu. Sabuni, sukari na nguo vikapatikana kwa foleni au kwa mlango wa nyuma, na mwaka 1983 serikali ikaendesha msako wa wahujumu uchumi. Mwaka uliofuata milango ikaanza kufunguliwa: mwenye fedha zake za kigeni akaruhusiwa kuagiza bidhaa. Biashara ya rejareja ya Tanzania ya leo imezaliwa hapo, mikononi mwa wafanyabiashara wengi wadogo, kila mmoja na mzigo wake, bei yake na wateja wake. Hakukuwa na duka kubwa lililotangulia kuwafundisha watu kwamba bei ni namba iliyobandikwa.

Kenya ilipita njia nyingine. Supamaketi ya Uchumi ilianzishwa mwaka 1975 kwa mtaji wa mashirika ya serikali, zikafuata Nakumatt iliyoanza kama duka la magodoro la Nakuru, Tuskys na Naivas. Vizazi viwili vya watu wa mijini vimekua vikichukua pakiti kwenye rafu, vikisoma bei na kupanga foleni kwenye kaunta. Majina yameanguka, na Nakumatt na Tuskys leo ni kumbukumbu, lakini mazoea hayakuanguka nayo. Carrefour iliingia 2016, Naivas ikaendelea kufungua matawi. Upande wa Tanzania, Shoprite ya Afrika Kusini iliuza maduka yake kwa Nakumatt mwaka 2014, Uchumi ikafunga yake mwaka 2015, na Nakumatt yenyewe haikudumu. Wengi walisema soko la Tanzania ni changa. Naona waliisoma vibaya nchi. Supamaketi ilikuwa inashindana na Mangi, mwenye duka dogo la mtaani, aliye hatua thelathini kutoka mlangoni, anayekuuzia robo ya sukari, anayekuandika kwenye daftari hadi mwisho wa mwezi, na asiyelipia kodi ya jengo la kifahari wala kiyoyozi.

Tuingie Kariakoo, maana hapo ndipo Wakenya wengi huibiwa bila kuibiwa.

Kosa la kwanza ni la masikio. Muuzaji wa Dar es Salaam huacha neno elfu. Akisema "thelathini" anamaanisha elfu thelathini, na "tatu na nusu" ni elfu tatu na mia tano. Buku ni elfu moja, jero ni mia tano. Mkenya aliyezoea soo (mia) na mbao (ishirini) husikia namba ndogo, moyo unalainika, anaanza kutoa pesa kabla hajahesabu. Kosa la pili ni la kugawa kwa mazoea. Ukigawa kwa 20 wakati kiwango ulichobadilishia ni 19, mzigo wa shilingi 400,000 unauona ni wa 20,000 za Kenya, kumbe ni 21,053. Asilimia tano imepotea, na kwenye biashara ya jumla hiyo pengine ndiyo faida yote. Gawa kwa kiwango ulichokipata wewe, siku ile, baada ya makato ya aliyekubadilishia.

Kosa la tatu ndilo ghali zaidi: kumfuata winga. Mawinga ni vijana wanaosimama mlangoni au barabarani, hawana mzigo, kazi yao ni kukuongoza kwa mwenye mzigo. Wanachokula kinaitwa cha juu, yaani tofauti kati ya bei ya mwenye duka na bei unayotajiwa. Winga si mhalifu, na kwa mgeni anayetafuta kifaa adimu anaweza kuokoa siku nzima. Tatizo ni pale unapodhani unapatana na mwenye duka, kumbe unapatana na mtu ambaye kila shilingi unayopunguza inatoka mfukoni mwake. Hatakubali ishuke. Dalili ni nyepesi: anakuambia usubiri akachukue rangi nyingine, anatoka nje ya duka badala ya kuingia stoo, au mtu wa kaunta hatamki bei mpaka yeye atamke kwanza. Ukimhitaji, mlipe ujira mliopatana kabla ya kuanza kutembea, kisha bei uiulize mwenyewe kwa aliyekaa kwenye kaunta.

Kupata bei halisi kuna utaratibu ambao wenyeji huufuata bila kuufikiria. Usiulize bei ya kimoja kwanza. Uliza bei ya dazani, kisha ya nusu dazani, kisha ya pisi moja, na sikiliza pengo linavyopanuka. Pengo dogo maana yake uko duka la rejareja lililovaa nguo za jumla. Huyo naye amenunua mtaa wa pili. Pengo likiwa kubwa, uko karibu na chanzo. Rudia swali hilohilo maduka matatu kwenye mitaa tofauti, maana maduka yaliyopakana mara nyingi huchukua kwa mtu mmoja. Maduka ya ghorofani na yale ya nyuma huwa na bei ya chini kuliko yaliyotazama barabara, kwa kuwa fremu ya mbele ina kodi kubwa. Halafu jambo linalosahaulika: uliza kama bei ya dazani inakuruhusu kuchanganya saizi na rangi. Dazani ya bei nzuri ambayo saba kati yake ni saizi zisizouzika si dazani ya bei nzuri.

Nairobi nayo ina Kariakoo zake. Kamukunji kwa vyombo na bidhaa za nyumbani, Nyamakima kwa mizigo ya jumla, Luthuli kwa vifaa vya umeme, Eastleigh kwa vitambaa na nguo, Gikomba kwa mitumba. Huko bei ni ya kuongea vilevile. Kinachobadilika ni upana wa mazungumzo. Mkenya wa kibanda ana rafu ya supamaketi kama rula. Mteja wake ameshaiona bei ile kwenye lebo, kwa hiyo hawezi kuanzia mbali sana nayo. Kariakoo hakuna rula hiyo kwa bidhaa nyingi, na anayeuliza kwa lafudhi ya ugeni huanzishiwa juu. Lebo ya Nairobi inamlinda hata mtu ambaye hajawahi kukanyaga supamaketi, na hilo ni jambo ambalo watetezi wa biashara ya kupatana hawalipi uzito unaostahili.

Mitumba inafanana pande zote kiasi kwamba haistahili maneno mengi. Gikomba na Karume ya Ilala zina saa zilezile: robota hufunguliwa alfajiri, zile nguo bora ambazo Wakenya huziita kamera huondoka kwanza kwa bei ya juu, na kinachobaki jioni, fagia, huuzwa kwa mafungu. Nchi hizi zote zilikubaliana 2016 na wenzao wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kuiondoa mitumba taratibu, na zote zikarudi nyuma Marekani ilipotishia fursa za AGOA, mpango wa kuingiza bidhaa za Afrika Marekani bila ushuru. Rwanda peke yake ndiyo iliyoshikilia msimamo.

Sasa kipimo. Hapa ndipo ulinganisho mwingi unapoharibikia, na ndipo pesa nyingi za nyumbani zinapovujia bila mtu kuona.

Nafaka pande zote mbili huuzwa kwa makopo yaliyokuwa na bidhaa nyingine ndani yake. Tanzania ina sado, kopo la rangi la lita nne. Kenya ina gorogoro na kasuku, mikebe ya mafuta ya kupikia ya kilo mbili. Vyote ni vipimo vya ujazo ambavyo watu huvitafsiri kama uzito, na tafsiri hiyo hutegemea kilichomo. Lita moja ya mahindi makavu ina takriban robo tatu ya kilo, hivyo sado iliyosawazishwa ina kama kilo 3. Mchele ni mzito kidogo zaidi. Unga ni mwepesi, lita moja hupata karibu nusu kilo au zaidi kidogo, kwa hiyo anayepimiwa unga kwa kopo lilelile alilozoea kupimia mahindi anaondoka na pungufu ya karibu robo bila mtu yeyote kumdanganya. Gorogoro ya mahindi huhesabiwa kilo 2, lakini hiyo ni gorogoro yenye kilele. Muuzaji akipitisha kiganja juu yake, kilele kinarudi guniani kwake.

Njia za kupunja kopo ni chache na zinajulikana: kitako kilichobonyezwa kwa ndani, kopo lililokatwa ukingo na kukunjwa upya, kopo jembamba linalofanana na halisi kwa mbali. Tia mkono ndani uguse kitako kabla ya kupimiwa. Kwenye mizani ya saa, angalia mshale ukiwa hewani kabla ya kitu kuwekwa; ukisimama juu ya sifuri, gramu hizo utazilipia kila mara. Ukiwa na shaka, omba uipime chupa ya maji ya lita moja na nusu ambayo haijafunguliwa. Maji yana kilo moja na nusu, plastiki inaongeza gramu chache. Mizani ikisema kilo 1.7, nenda zako. Wakala wa Vipimo Tanzania na idara ya vipimo ya Kenya hukagua mizani na kuipiga mhuri, na mhuri huo mnunuzi ana haki ya kuuona.

Mnunuzi wa gunia ana adui mwingine: maji. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Ukinunua kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 18, ndani yake kuna kilo 82 za kitu kikavu. Zikikaushwa kufika kiwango, zinabaki kilo 94.8. Umelipia kilo 5 za maji, na usipokausha utalipia na ukungu. Jaribio la wakulima halihitaji kifaa cha bei: chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi hadi robo, ongeza kijiko au viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika moja, acha itulie dakika chache. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado mabichi kwa kuhifadhi. Chumvi ya unyevu itakudanganya, basi ikaushe kwanza kwenye sufuria.

Hili la unyevu limewahi kufunga mpaka. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka yenye unyevu, kisha ikaruhusu kwa masharti, kikiwamo cheti kinachoonyesha sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Mfanyabiashara aliyejali bei ya gunia peke yake alijikuta na gunia la bei nzuri lisilovuka Namanga.

Na kwa kuwa tunasema magunia: lumbesa ya Tanzania na gunia la viazi la Kenya linaloitwa mukurino, lile lenye kilemba cha wavu juu, ni kitu kimoja. Sheria za pande zote zinalikataza, na kanuni za viazi za Kenya za 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50. Mlaji wa mjini huona gunia kubwa kwa bei ileile akafurahi, lakini hesabu ile analipa mkulima. Sioni namna ya kuiita hiyo thamani ya pesa.

Mchele unahitaji aya yake, maana ndiyo bidhaa inayovuka mpaka kwa wingi na kugeuzwa jina njiani. Tanzania huzalisha mchele mwingi, Kenya huzalisha chini ya mahitaji yake na kununua unaobaki. Ushuru wa pamoja wa jumuiya kwa mchele wa nje ni mkubwa, asilimia 75, ingawa Kenya kwa miaka mingi imekuwa ikipewa ruhusa ya kutoza 35. Matokeo yake, kwenye soko la Nairobi mchele wa Pakistani, wa Mbeya na wa Mwea hukaa bega kwa bega, na pishori halisi ya Mwea, iliyo ghali kuliko wote, ndiyo inayochanganywa zaidi. Tanzania jina linaloghushiwa ni Kyela. Mchanganyiko hauonekani kwa harufu ya gunia, kwani kilo chache za mchele wenye harufu hunukisha gunia zima. Chukua gramu 200 kutoka katikati ya gunia, si juu, uzipike kabla ya kununua la pili. Mchanganyiko hujionyesha sufuriani: punje nyingine zimeiva na kulainika, nyingine bado zina moyo mgumu. Tandaza pia kiganja kimoja cha mchele kwenye karatasi nyeusi uhesabu zilizovunjika. Nafuu ya bei isiyolingana na wingi wa chenga si nafuu.

Upande ambao Kenya inamwumiza mlaji ni vifungashio vidogo. Mkate umegawanyika kuwa wa gramu 400, 600 na 800, na maziwa ya pakiti huonekana kama nusu lita huku mengine yakiwa mililita 450 au 400. Macho huona bei, hayaoni namba ndogo pembeni. Tuseme maziwa ya mililita 500 ni shilingi 60 na ya 450 ni 56. Ya pili inaonekana nafuu kwa shilingi nne. Kwa lita, ya kwanza ni 120, ya pili ni 124.4. Watu wa mapato ya siku kwa siku huishi kwa uchumi wa kadogo: mafuta ya kupima, sabuni ya kipande, majani ya chai ya pakiti ndogo. Kadogo si ujinga, kwani mwenye shilingi 50 hawezi kununua lita tatu. Lakini analipa zaidi kwa kila mililita, na pengo hilo ni kama kodi nzito kwa maskini wa mjini. Mashine za maziwa za kulipia kiasi unachotaka zimelipunguza kidogo, kwa sababu mteja halipii pakiti. Kwa Mangi wa Tanzania kilo ya sukari hukatwa robo na nusu kutoka guniani kwa mizani, na bei ya robo mara nyingi haizidi sana robo ya bei ya kilo. Hapo, kwa maoni yangu, Tanzania inamtendea haki mnunuzi mdogo kuliko Kenya, mradi mizani iwe ya kweli.

Risiti ni sehemu ya bei, na watu hawaihesabu. VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya Kenya ni asilimia 16, kiwango cha kawaida cha Tanzania Bara ni 18. Tanzania ilileta mashine za kodi za kielektroniki mwaka 2010, na sheria inamtaka mnunuzi adai risiti, la sivyo naye anaweza kutozwa faini. Kenya imehamia mfumo wa ankara za kielektroniki wa eTIMS tangu 2023. Pande zote utaulizwa swali lile: na risiti au bila risiti? Ndani ya bei ya 118,000 yenye VAT, kodi ni 18,000, yaani asilimia 15.25 ya unacholipa. Kenya ni 13.8. Anayekupunguzia asilimia tano "bila risiti" anabaki na karibu kumi zilizokuwa za hazina, na wewe unabaki bila ushahidi kwamba ulinunua kwake. Friji ikifa wiki ya pili huna kwa kwenda. Maandishi ya "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" yapo kwenye kuta za nchi zote mbili, lakini sheria za mauziano za pande zote zinataka bidhaa ilingane na maelezo iliyouzwa nayo. Ndiyo maana maelezo hayo yaandikwe kwenye risiti: jina la modeli, namba ya mashine, muda wa dhamana. Risiti ya "vifaa vya umeme, 1" haikusaidii kitu.

Kwa vifaa vya umeme, kwa ujumla, nunua nchi unayoishi. Volti na plagi za miguu mitatu ni zilezile, hivyo kishawishi ni kikubwa, ila dhamana ya wakala wa nchi moja kwa kawaida haihudumiwi na wakala wa nchi nyingine. Simu iangaliwe IMEI, namba yake ya utambulisho, kabla ya kulipa: bonyeza *#06#, linganisha namba na ya kwenye boksi, kisha Tanzania itume kwenda 15090, Kenya 1555. Tanzania ilizima simu bandia Juni 2016, Kenya ilifanya hivyo 2012, na mnunuzi ndiye aliyebaki na kipande cha plastiki. Kwa bidhaa zenye alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, namba ya kibali iliyo chini ya alama inaweza kuhakikiwa kwa ujumbe mfupi kwenda 20023. Alama bila namba haina maana.

Vitenge na kanga ni habari nyingine. Hapo safari ya Kariakoo inaweza kulipa. Kwanza jua unachopima. Yadi moja ni sentimita 91, hivyo kitenge cha yadi sita kina mita tano na nusu hivi. Kifunue, usihesabu mikunjo, kwani mikunjo mifupi ni hila ya kale. Chapa nzuri ina rangi pande zote mbili kwa uzito unaokaribiana. Vuta nyuzi mbili tatu kutoka ukingoni uziwashe: pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, poliesta hujikunja na kuacha kifundo kigumu. Bei ya poliesta inayouzwa kwa jina la pamba ndiyo siri ya vitenge vingi vya bei ya kushangaza.

Halafu piga hesabu ya safari kabla ya kukata tiketi. Tuseme kwenda na kurudi, kulala na kula, vinagharimu shilingi 15,000 za Kenya, na kila kitenge kinakuokolea 300 ukilinganisha na Nairobi. Vitenge 50 vya kwanza vinalipa basi na gesti tu. Faida inaanza cha 51, na hapo bado hujafika forodhani.

Forodha ndiyo inayowashangaza wengi. Jumuiya ina umoja wa forodha tangu 2005, na mpango rahisi wa biashara unaomwezesha mfanyabiashara mdogo kuvusha mzigo usiozidi dola 2,000 kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa kinachotolewa mpakani. Namanga kuna kituo kimoja cha pamoja, mambo yanakwenda. Lakini cheti hicho ni cha bidhaa zilizotengenezwa ndani ya jumuiya na zilizomo kwenye orodha. Kitenge kilichochapwa kiwandani Dar es Salaam kinaweza kustahili. Kilichotoka China kikapita Kariakoo hakigeuki kuwa cha Tanzania kwa kulala usiku mmoja mtaa wa Kongo; kitatozwa ushuru wa nje, kisha VAT juu yake. Na hata bidhaa yenye cheti hulipiwa VAT ya nchi inapoingia, kama ni ya kutozwa. Cheti kinafuta ushuru wa forodha tu. Muulize muuzaji kiwanda kabla ya kulipa, na udai risiti inayotaja bidhaa, idadi na bei, maana afisa asipoona risiti atakadiria thamani mwenyewe, na makadirio hayo hayatakuwa ya chini.

Mimea na nafaka zina cheti cha afya ya mimea juu ya hayo yote. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania tangu Juni 2019, basi mzigo usiufunge kwenye kile kitakachokutoza faini.

Kwa kikapu cha nyumbani, mgawanyo wa busara ni huu. Mtu wa Arusha anayefika Nairobi achukue majani ya chai na bidhaa za kiwandani zenye uzito ulioandikwa, akilinganisha kwa kilo na lita, na asipoteze nusu siku akitafuta mchele. Mtu wa Nairobi anayefika Arusha au Moshi achukue mchele, vitunguu na vitenge, kwa kipimo alichokiona kwa macho yake, na aache simu na runinga pale zilipo. Vitunguu avichague vikavu shingoni: bonyeza pale majani yalipokatwa, pakibonyea vitaoza kabla havijafika Kajiado.